Mzee wa Kinango Aingia Ngomeni

Mtu atokaye Kinango kwenda Mombasa ana njia mbili. Ya kwanza huelekea Mariakani, ikaungana na barabara kuu itokayo Nairobi. Ya pili hupanda milima ya Shimba hata Kwale, ikateremka Kombani, ikapita Ng'ombeni na Shika Adabu, na kuishia penye kivuko cha Likoni. Karani mmoja wa Kinango na mjomba wake, mzee aliyekwisha pita miaka themanini, waliifuata hii ya pili, wala safari yao haikuwa ya matembezi. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, akaandikiwa siku ya kuonana na daktari katika hospitali moja ya kisiwani. Basi waliondoka alfajiri, mzee amevaa kanzu iliyopigwa pasi, karani amechukua barua ya hospitali ndani ya bahasha.

Msomaji aijuaye nchi ya Waduruma hana haja ya kuelezwa jinsi ilivyo wakati wa kiangazi: migunga isiyo na majani, mibuyu imesimama kama wazee wa baraza, na ng'ombe wanaofuata maji mwendo wa saa nyingi. Lakini ukishaanza kupanda, nchi hubadilika upesi. Njia hupita karibu na Mwaluganje, ambako mwaka 1995 jamaa za Waduruma na Wadigo waliyatoa mashamba yao yawe hifadhi ya ndovu, kwa mapatano ya kugawiwa fedha zitokazo kwa wageni. Mkulima aliyepata kulala macho akigonga debe ili ndovu wasile mahindi yake ndiye awezaye kuyapima mapatano hayo. Juu ya milima kuna msitu na majani mabichi, na huko ndiko aliko palahala, mnyama ambaye katika Kenya nzima haonekani porini pengine ila hapo Shimba. Kisha mji wa Kwale, baridi ya asubuhi, na minazi. Bahari huonekana kwa mbali kama bati jipya. Mzee aliambiwa kuwa bahari inaonekana, akajibu, "Naisikia harufu yake, yatosha."

Kivukoni Likoni watu walikuwa wengi kama desturi. Aendaye kwa miguu halipi kitu, na kwa hiyo asubuhi kila feri hujaa makarani, makuli, wanafunzi na akina mama wenye vikapu, wote wakitaka kuwa wa kwanza kushuka. Karani alimshika mzee mkono. Wakafika hospitalini kabla ya saa tatu, wakangoja hata saa nne u nusu, ndipo walipoambiwa kwamba daktari hatakuwapo siku hiyo, warudi kesho asubuhi.

Hapo kila mwenye akili angerudi Likoni kwa jamaa akapumzike. Karani alikwisha inuka kwenda kutafuta gari. Mzee akabaki ameketi juu ya benchi, mikono juu ya mkongojo, akasema, "Mpwa wangu, toka hapa mpaka Ngomeni ni mwendo gani?"

"Si mbali, mjomba. Kwa tuktuk ni dakika chache. Una mtu huko?"

"Nilikuwa naye," akasema mzee.

Jambo hili lilimshangaza karani, maana mjomba wake alifanya kazi ya kupakua shehena Kilindini miaka kumi na mitatu, akipita mji huo kila siku ya Mungu, wala hakupata kusikiwa akiitaja ngome ile. Wakaenda. Njiani mzee hakusema neno.

Ngome yenyewe, ambayo Wareno waliiita kwa jina la Yesu, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari ya kale. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, asipatane na wenyeji, akaenda zake Malindi alikopokewa vizuri. Wareno wakarudi kwa silaha: mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuuchoma, na mwaka 1528 Nuno da Cunha akafanya vivyo hivyo. Hata hivyo Mombasa haikutulia, na Waturuki walipoanza kuitembelea pwani hii chini ya Mir Ali Bey, Wareno walipeleka merikebu kutoka Goa mwaka 1589 kumfukuza. Baada ya hapo waliona kuwa hawawezi kuishika pwani bila ngome. Kazi ikaanza mwaka 1593. Aliyechora umbo lake ni Giovanni Battista Cairati, Mwitalia wa Milan, ambaye alikuwa mjenzi mkuu wa mfalme katika nchi za mashariki. Ulaya ya siku zile ilikuwa imejifunza kujenga ngome zenye pembe zilizochongoka ili mizinga ya adui isipate ukuta mtupu wa kupiga, na maarifa hayo yakaletwa Mombasa yakajengwa kwa mawe yetu ya matumbawe, yale yale ambayo mtu wa Msambweni au Diani hujengea nyumba yake. Atazamaye ramani yake huona umbo la mtu aliyelala chali, kichwa chake kuelekea baharini. Kwa hiyo mtu wa bara asiyepata nauli ya kwenda Ulaya kutazama miji ya kale ya pwani zake, anaweza kuona kipande chake hapa kwa nauli ya matatu na kivuko cha bure.

Walipokata tikiti, mzee aliomba apewe yake mkononi, akaitia katika mfuko wa kanzu. Mwongoza wageni mmoja, kijana mpole, akajitolea kuwaonyesha. Akawasimamisha mbele ya mlango mkuu, ulio upande wa Mji wa Kale karibu na buruji ya São Matias, akawaonyesha jiwe lililochongwa maandishi ya Kireno juu yake.

Jiwe hilo linastahili kuelezwa. Liliwekwa na Francisco de Seixas de Cabreira, aliyefanywa kapteni wa ngome mwaka 1635 naye akiwa kijana wa miaka 27. Ndani yake ameandika sifa zake mwenyewe bila haya: jinsi alivyoijenga upya ngome, jinsi alivyotoza kodi miji ya pwani, jinsi alivyowaadhibu watu wa Pate na Siyu hata akabomoa kuta zao, na jinsi alivyowaadhibu Wamusungulo. Jina hilo la Wamusungulo ndilo Wareno walilowaita watu wa bara iliyokabili kisiwa, na wanachuoni wengi huwaona kuwa ni wazee wa Wamijikenda wa leo, au sehemu yao. Mwongozi alipoyasema hayo alimtazama mzee, akauliza kwa adabu, "Na wewe mzee wangu, kwenu ni wapi?"

"Kinango. Mduruma."

"Basi hapo juu mmeandikwa."

Mzee akainua uso wake kana kwamba anasoma, ijapokuwa yamkini hakuona zaidi ya weupe wa anga. Akasema, "Kumbe tumefungwa hapa tangu zamani hizo." Mwongozi akacheka, akidhani ni mzaha.

Sababu ya adhabu ile yafaa ielezwe, kwa kuwa ndani yake mna kisa ambacho Wamijikenda wamo tangu mwanzo. Mwaka 1614 sultani wa Mombasa, Hasan bin Ahmad, alikosana na kapteni Mreno akakimbilia bara. Wamusungulo wakamwua, nao walikuwa wamehongwa nguo na Wareno. Mwanawe, Yusuf, alikuwa mtoto. Wareno wakampeleka Goa, wakamlea kwa mapadre, wakambatiza jina la Dom Jerónimo, kisha wakamrudisha Mombasa awe mfalme chini yao. Mwezi wa Agosti 1631 alivunja mapatano, akaingia ngomeni, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa na Wareno wengi wa mji, akarudia dini ya baba zake. Wareno walileta merikebu kutoka Goa wasiweze kumtoa. Mwaka uliofuata akaondoka mwenyewe kwa bahari, nao wakairudia ngome. Ndipo akaja huyo Cabreira na jiwe lake.

Mzee alikisikiliza kisa hicho akiwa ameegemea ukuta wa lango. Kilipokwisha alisema, "Jana unapewa nguo, kesho unapigwa. Ndiyo kazi ya kutumwa." Mwongozi safari hii hakucheka.

Hapana budi kutaja hapa neno ambalo wageni huulizana. Waandishi wa Ulaya wa karne ya 19 waliandika kuwa Waduruma, au baadhi yao, wametokana na watu walioletwa na Wareno kutoka Msumbiji. Wazee husimulia Singwaya, na safari ya kushuka kutoka kaskazini, na Kaya Duruma, ambayo pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda iliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya ngome hii kuandikwa. Pengine ukoo mmoja una habari zaidi ya moja. Kabila si mti mmoja uliopandwa siku moja.

Ndani ya ngome kuna uwanja mpana wenye miti, na kuzunguka uwanja ni kuta nene na mizinga. Mwongozi alieleza vizuri na kwa mpango. Aliwaonyesha nyumba ya Waarabu katika buruji ya São Filipe. Alieleza jinsi Waomani walivyoizingira ngome tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, miezi thelathini na mitatu, na jinsi njaa na maradhi vilivyoua zaidi ya risasi, hata ngome ilipoingiwa waliobaki hai hawakufika ishirini. Merikebu ya vita Santo António de Tanná, iliyoletwa kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Wazamiaji waliichimbua chini ya bahari kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vingi vimewekwa katika nyumba ya makumbusho: mizinga, vyungu, mbao za merikebu. Wareno walirudi tena 1728 wakafukuzwa 1729. Kisha zikaja zamani za Wamazrui, walioitawala Mombasa hata Sayyid Said alipoishika mwaka 1837, na baadhi yao wakahamia Gazi, huku kwetu kusini, ambako Mbaruk bin Rashid alipigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896.

Yote hayo mzee aliyapokea kwa "Ehe" na "Naam". Lakini mwongozi alipotaja mwaka 1895 kuwa ndio mwaka Waingereza walipoifanya ngome kuwa gereza, mzee alisimamisha mkongojo.

"Wafungwa walilala wapi?"

"Hapa uwanjani, mzee, palikuwa na majengo ya gereza."

"Yako wapi?"

Kijana alieleza. Gereza lilihamishwa mwaka 1958, ngome ikafanywa mahali pa ukumbusho wa kale, na kwa fedha za wakfu wa Gulbenkian wa Lisbon ikatengenezwa. Bwana James Kirkman akachimba ili kuyapata majengo ya Wareno na Waarabu yaliyofunikwa, na mwaka 1960 nyumba ya makumbusho ikafunguliwa. Majengo ya gereza yaliondolewa, sehemu kubwa, kwa sababu yalikuwa mapya na yaliyaziba yale ya kale.

"Mapya," mzee akasema.

Ndipo alipomweleza mpwa wake habari ambayo hakupata kumweleza mtu wa nyumbani kwake. Mwaka 1952, yeye akiwa mtoto wa miaka minane, baba yake alifungwa katika ngome ile. Kosa lake jamaa hawakulisema kwa kauli moja: wengine walisema ni kodi, wengine walisema ni ng'ombe wa watu. Mama yake alitoka Kinango kwa miguu pamoja na mtoto, wakalala Kwale kwa watu, siku ya pili wakafika Likoni, wakavuka. Alichukua kibuyu cha uji. Hawakuruhusiwa kuingia. Mama aliketi katika kivuli cha ukuta, askari mmoja akakubali kukipeleka kibuyu ndani, wakangoja. Kiliporudi kitupu mama alikipindua, akatia kidole ndani, akasema, "Amekunywa," wakaondoka kurudi Kinango. Safari hiyo waliifanya mara tatu.

"Na mara ya nne?" karani akauliza, naye ameingiwa na hofu.

"Mara ya nne alikuja mwenyewe. Tulimwona jioni anakuja kutoka njia ya Kwale. Alilala barazani usiku ule, na usiku uliofuata, na kila usiku mpaka alipokufa. Mimi nikidhani ni joto."

Karani hakuwa na la kujibu. Yule kijana mwongozi, ambaye siku zote husimulia habari za miaka mia nne, alitoa kofia yake, akamwomba mzee amfuate. Akampeleka pembeni mwa uwanja, akasema kuwa hapo, kwa kadiri alivyofundishwa, ndipo majengo yale yalipokuwa yakienea. Pana majani na njia ya kokoto. Mzee alipapasa ardhi kwa mkongojo, kisha akausogelea ukuta wa ngome ulio karibu, akaweka kiganja juu ya mawe. Mawe ya matumbawe hukwaruza mkono, nayo huwa baridi hata mchana. Alikaa hivyo muda. Kundi la watoto wa shule lilipita na mwalimu wao, wakamwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo babu," naye akaitikia bila kugeuka.

Mtu aweza kuwatetea waliolibomoa gereza. Ngome ina mwaka wake wa kujengwa, ina mafundi wake na vita vyake, na dunia nzima huja kuitazama. Vyumba vya gereza havikuwa na uzuri wowote, navyo vilifunika vitu visivyopatikana pengine. Lakini miaka sitini na mitatu si kidogo. Katika miaka hiyo walioingia kwa lango lile walikuwa wengi wao watu wa pwani hii na bara yake, na kwao majina yaliyochongwa ni ya wale waliowaadhibu tu. Kama kuna kibao kimoja zaidi cha kuwekwa pale uwanjani, kipo cha kuandikwa, na walio hai wa kusimulia ni wachache, nao wana macho kama ya mzee huyu.

Walipotoka ilikuwa yapata saa tisa. Njaa ikawapeleka Mji wa Kale, ambao huanza pale pale mlangoni pa ngome. Vichochoro vyake ni vyembamba hata wenye nyumba zinazokabiliana waweza kupeana chumvi kwa madirisha. Wakaifuata Ndia Kuu, wakapita milango ya nakshi na roshani za mbao, nyingine zimetengenezwa vizuri, nyingine zimeinama zikingoja kuanguka. Wakala viazi karai kwa ukwaju, kisha mwuza kahawa akawamiminia kahawa chungu kutoka katika dele la shaba. Mzee alikunywa vikombe vitatu. Ilikuwa kana kwamba ametua mzigo: alisimulia habari za Kilindini, magunia ya kahawa ya Uganda, na serehangi mmoja aliyekuwa akiwaimbisha wakati wa kupakua. Bandari ya kale iliyo chini ya mji ina majahazi machache siku hizi, maana meli kubwa zote huenda Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Mzee alisikia sauti ya nahodha akiita kutoka majini, akataka kujua anatoka wapi. Hakuna aliyejua.

Jioni wakavuka Likoni, wakalala kwa jamaa. Alfajiri wakawa tena juu ya feri pamoja na makarani na makuli na akina mama wa vikapu. Mzee aliingiza mkono katika mfuko wa kanzu, akatoa ile tikiti ya jana, imekunjwa mara nne.

"Mpwa wangu, daktari akishanifungua haya macho, tikiti hii itafaa tena?"

"Haitafai, mjomba. Tutanunua nyingine."

"Basi tutanunua. Nataka nilisome lile jiwe la mlangoni."

"Ni Kireno, mjomba."

"Wewe utatafuta mtu wa kutusomea. Mimi nataka nione herufi zake tu, zilivyochongwa."

Feri ikagonga gati, watu wakaanza kusukumana, na karani akamshika mzee mkono.